Mapatano Yasiyoandikwa

(Mazungumzo ya asubuhi yaliyosomwa redioni, yakachapishwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuyasikia.)

 

Najua kwamba saa hizi wengi wenu mko katika shughuli za kwenda kazini. Mmoja anafunga viatu. Mwingine amekwisha kufika na anafungua lango la tajiri wake. Mwingine yuko jikoni katika nyumba isiyo yake, anawatilia chai watoto wasiokuwa wake. Na wengine wenu ndio wenye lango hilo na nyumba hiyo. Leo nina neno kwenu nyote, mwajiri na mwajiriwa, nami naomba msinizime redio kabla sijamaliza, kwa maana jambo lenyewe limenigusa mimi kwanza.

Nataka tuzungumze juu ya mapatano ambayo hayakuandikwa mahali popote.

Mtu anapoajiriwa, huambiwa mambo machache. Kazi ni hii, mshahara ni huu, utafika saa fulani. Mambo hayo huchukua dakika tano. Lakini wale watu wawili wataishi pamoja miaka mitano, pengine kumi, pengine ishirini. Na katika miaka hiyo kila mmoja hubeba moyoni orodha ndefu ya mambo anayomtazamia mwenzake, ambayo hakuyatamka hata siku moja. Mfanyakazi husema moyoni, "Nikiugua, hawezi kunitupa. Nikifiwa, atanishika mkono. Nikimtumikia kwa uaminifu, hatanifukuza kama mbwa." Naye mwajiri husema moyoni, "Huyu hawezi kuniibia. Hawezi kuniacha siku ya taabu. Nimemtunza, naye atanitunza." Yote mawili hayasemwi. Wala hayatiwi sahihi. Hata hivyo siku yanapovunjwa, huumiza kuliko mshahara kupunguzwa.

Hata wataalamu wa mambo ya kazi wameliona jambo hili. Mwaka 1960 Mmarekani mmoja, Chris Argyris, aliandika kwamba kati ya wasimamizi wa viwanda na watu wao alikuta mapatano ya namna hiyo, ya moyoni, yasiyo na karatasi. Baadaye, mwaka 1989, mwanamke mtaalamu wa huko huko Marekani, Denise Rousseau, alieleza kwamba shida ya mapatano hayo ni kwamba hukaa katika mawazo ya mtu. Mmoja anaamini kabisa kwamba ameahidiwa, na mwenzake hana habari. Lakini, ndugu zangu, Neno la Mungu lilikwisha kutuonyesha jambo hilo tangu zamani sana, katika hema za wachungaji wa kondoo. Nitafika huko. Kwanza niwaeleze habari yangu mwenyewe.

Mwaka 1998 nilikuwa mwalimu katika mji mmoja hapa Kenya, nami nilimwajiri mzee mmoja awe akitunza boma langu. Kazi yake ilikuwa kulinda lango, kukata majani na kuangalia ng'ombe mmoja tuliyekuwa naye. Alinizidi umri, kwa hiyo nilimwita Mzee, naye aliniita Mwalimu. Hatukuandikiana kitu. Tulipatana mshahara tukiwa tumesimama langoni, akaanza kazi siku ile ile.

Mzee yule alikuwa mtu wa ajabu. Gari langu likiwa bado kwenye kona, yeye amekwisha kufungua lango. Sikupiga honi. Mtoto wetu akiwa na homa usiku, yeye ndiye aliyetoka kutafuta teksi kwenye mvua. Nilipomwambia asubuhi, "Asante, Mzee," alijibu tu, "Ni wetu sote, Mwalimu."

Mwaka 2003 mama yangu mzazi alifariki. Watu walijaa bomani kwa siku nyingi, kama ilivyo desturi yetu. Mzee hakulala usiku tatu. Alikuwa akipasua kuni, akichota maji, akiwaonyesha wageni mahali pa kulala. Siku ya mazishi ilipokwisha, watu wakatawanyika, nilimkuta amekaa peke yake karibu na moto. Nikamshika bega nikamwambia maneno haya: "Mzee, tangu leo wewe si mfanyakazi. Wewe ni mtu wa nyumba hii, na watoto wako ni watoto wangu."

Nilisema kwa moyo wa kweli. Machozi yalikuwa yananitoka. Kisha nikaingia ndani nikalala, na baada ya wiki mbili nilikuwa nimekwisha kuyasahau maneno yale. Yeye hakuyasahau.

Mwanzoni mwa mwaka 2010 Mzee alikuja mlangoni kwa nyuma, jioni, amevaa koti lake la kanisani. Alikuwa ameshika barua kwa mikono miwili. Binti yake wa mwisho alikuwa ameufaulu vizuri mtihani wa darasa la nane, naye ameitwa shule ya bweni. Akanipa barua ile, akakaa kwenye benchi, akasema neno moja tu: "Mwalimu, nimekuja."

Nikaisoma ile barua. Nikatazama jumla ya karo iliyoandikwa chini. Na wapenzi wangu, sijui ni roho gani iliyonijia. Nilidhani amekuja kunitegea. Nikamwambia, "Mzee, mimi nakulipa kila mwisho wa mwezi, sijawahi kukuchelewesha. Mimi na wewe hatudaiani."

Alinyamaza kidogo. Halafu akasema, "Ni kweli, Mwalimu." Akaikunja barua yake, akaitia mfukoni, akarudi langoni.

Sasa nitawaambia jambo ambalo ni aibu kwangu kulisema. Mwezi ule ule nilikuwa nimenunua makochi mapya ya sebuleni. Na aliyeyashusha kutoka kwenye lori na kuyaingiza ndani alikuwa ni yeye.

Tangu siku ile mambo yalibadilika. Hakunitukana. Hakuiba. Hakukosa kazini hata siku moja. Lakini nilianza kupiga honi langoni, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Saa kumi na moja ikifika, anaondoka hata kama ndoo imejaa nusu. Ng'ombe akipata majani, alipata yale tu yaliyo karibu. Nami nililalamika kwa mke wangu, nikisema, "Mzee huyu amekuwa mvivu. Watu hawa ukiwazoea wanaharibika."

Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwaka 2011 Mzee alinipa notisi ya mwezi mmoja, kwa adabu kabisa, akaufanya mwezi wake mpaka siku ya mwisho, akapokea mshahara, akaenda zake kwao. Miaka kumi na mitatu ikaisha hivyo, kwa kupeana mkono langoni.

Usiku ule nikamwuliza mke wangu, "Kwani mtu huyu tulimkosea nini?" Mke wangu alinitazama sana. Akasema, "Baba watoto, umesahau ulimwambia nini siku ya mazishi ya mama?"

Wasikilizaji wapenzi, hapo ndipo nilipofungua Biblia, nikakutana na Labani.

Habari zenyewe zimo katika kitabu cha Mwanzo, kuanzia sura ya 29 hadi ya 31. Nawaomba mkazisome nyumbani, mkiwa na nafasi, kama mtu asomaye habari za kiwanda au za shamba. Maana ni habari za mwajiri na mwajiriwa kutoka mwanzo hadi mwisho.

Yakobo alifika kwa mjomba wake mikono mitupu. Akakaa mwezi mmoja akifanya kazi bila mapatano. Labani akamwita, akamwambia kwamba haifai ndugu afanye kazi bure, ataje mwenyewe ujira wake. Tazameni jinsi mwanzo ulivyokuwa mzuri! Yakobo akamtaka Raheli, kwa kazi ya miaka saba. Labani akakubali. Miaka saba ikapita. Karamu ikafanywa, usiku ukaingia, na kulipopambazuka bibi arusi alikuwa ni Lea.

Yakobo alipolalamika, Labani alijibu kwamba katika nchi yao haifanyiki hivyo, mdogo haolewi mbele ya mkubwa wake. Ndugu zangu, hebu tulifikiri jibu hilo. Desturi hiyo Labani aliijua tangu siku ya kwanza. Alikuwa na miaka saba ya kuitaja. Alimwona kijana wa watu akichunga kwa furaha kila asubuhi, akitazamia kitu fulani, naye alijua kwamba hatakipata, akanyamaza. Kosa la Labani halikuanza usiku wa arusi. Lilianza siku ile alipojua mwenzake anatazamia nini, akaona faida kunyamaza.

Je, sisi hatumo humo? Mwenye duka anajua kwamba kijana wake wa kaunta anatazamia kuandikwa kazi ya kudumu. Anajua kabisa kwamba hatamwandika. Lakini hasemi, maana kijana mwenye tumaini hufanya kazi ya watu wawili. Bibi wa nyumba anajua kwamba yaya wake anangojea kupelekwa kujifunza ushonaji, kwa sababu siku moja lilitajwa mezani. Hasemi ndiyo, hasemi la. Huo ni u-Labani, hata kama mshahara unatoka tarehe thelathini bila kukosa.

Lakini tusimwache Yakobo naye. Baada ya miaka ishirini, ujira wake ukiwa umebadilishwa mara kumi, aliona kwamba uso wa mkwewe haukuwa tena kama zamani. Biblia inataja uso. Ni kweli, wapenzi. Mapatano ya moyoni yanapovunjika, huonekana usoni kabla ya kusikika mdomoni. Yakobo alifanya nini? Alingoja Labani aende kukata manyoya ya kondoo, akakusanya watu wake akaondoka kwa siri. Labani alipomfikia kule mlima wa Gileadi alikuwa na lawama moja ambayo, kwa kweli, ilikuwa ya haki: hakupata hata nafasi ya kuwaaga binti zake na wajukuu wake.

Na hilo nalo tunalijua. Krismasi inakaribia, msichana wa kazi anaomba ruhusa aende kuwaona wazazi. Anapewa nauli, anapewa mshahara, anafungiwa sukari na unga awapelekee wazee. Watoto wanampungia mkono. Mwezi wa kwanza unaingia, shule zinafunguliwa, na simu yake haipatikani. Pengine alikuwa na sababu mia za kuondoka. Lakini hakusema hata moja. Yule mtoto aliyemzoea anakaa dirishani akiuliza atarudi lini. Ndugu yangu mfanyakazi, mtoto yule hakukukosea kitu.

Basi pale mlimani, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini, watu wale wawili walisema. Yakobo alitoa yote yaliyokuwa moyoni mwake: jua la mchana, baridi ya usiku, usingizi uliompotea, na mnyama aliyeraruliwa ambaye hasara yake ililipwa na yeye Yakobo. Labani naye alisema yake. Kisha wakakusanya mawe, wakayafanya chungu, wakala chakula juu yake, wakaagana kwa kiapo, kila mmoja akijua mpaka wake. Kwa maneno mengine, walifanya mwaka wa ishirini kazi iliyopasa kufanywa siku ya kwanza. Laiti chungu kile cha mawe kingewekwa mapema, mlangoni pa Labani, kabla ya machozi ya Lea na ya Raheli!

Lakini hapa lazima niseme neno jingine, nisije nikaeleweka vibaya. Si kila tunachotazamia ni deni. Bwana Yesu alitoa mfano wa mwenye shamba la mizabibu, nao umo katika Injili ya Mathayo, sura ya 20. Wafanyakazi wa kwanza walipatana naye dinari moja kwa siku. Jioni walipoona wale waliokuja saa kumi na moja wanapewa dinari moja, wakajihesabia vichwani mwao kwamba wao watapata nyingi. Walipopewa dinari yao, wakanung'unika. Je, walidhulumiwa? La. Tumaini lao lilikuwa limezaliwa katika macho yao wenyewe, kwa kuangalia mfuko wa jirani. Mwenye shamba hakuwaahidi, wala hakuwadanganya.

Kwa hiyo nikiona moyo wangu umechoma kwa sababu ya mwajiri wangu, au mfanyakazi wangu, nijiulize maswali matatu. Je, alisema? Je, alinifanya niamini, kwa neno au kwa matendo yake ya siku nyingi, naye akijua naamini? Au nimejitungia mwenyewe? Likiwa ni la tatu, niombe neema ya kushukuru dinari yangu. Lakini likiwa ni la kwanza au la pili, hilo ni deni, maana ahadi ni deni, hata iliyosemwa kando ya moto bila shahidi.

Nirudi kwa habari ya Mzee. Nilipokwisha kukumbushwa na mke wangu, nilitaka kujitetea. Nikasema, "Maneno ya msiba si mkataba. Kwa sheria simdai wala hanidai." Basi nikaenda kumwona rafiki mmoja wa kanisani ajuaye mambo ya sheria, nipate kutulizwa. Sikutulizwa.

Alinionyesha Sheria ya Ajira ya Kenya, ya mwaka 2007. Nikaona kwamba kazi inayoendelea miezi 3 au zaidi yapasa kuandikiwa mkataba, na anayepaswa kuuandika ni mwajiri. Kama mfanyakazi hajui kusoma, aelezwe kwa lugha anayoielewa. Mimi sikuandika. Nikaona kwamba mfanyakazi yapasa apate angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Mzee alikwenda kanisani Jumapili asubuhi, na mchana alikuwa amerudi langoni. Nikaona kwamba baada ya kila miezi 12 ya kazi, anastahili likizo isiyopungua siku 21 za kazi, kwa mshahara kamili. Mimi nilimpa siku tatu nne za Krismasi, nami nikajiona mkarimu. Nikaona pia kwamba anapoondoka yapasa apewe barua ya kuonyesha kwamba alifanya kazi. Mimi nilimpa mkono.

Mnaona, wapenzi? Mtu aliyesema "hatudaiani" ndiye aliyekuwa na deni. Nilikuwa nimelivunja lile la moyoni, na nilikuwa nimelivunja na lile la sheria, nami kila Jumapili nilikuwa nikisoma masomo mbele ya kanisa. Torati ya Musa inaagiza kwamba ujira wa maskini ulipwe siku ile ile, kabla ya jua kutua, asije akamlilia Mungu. Nalisoma hilo katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24. Jua lilikuwa limetua juu ya ujira wa Mzee mara nyingi mno.

Rafiki yule akaniambia kwamba kwa mambo kama haya sheria huweka muda wa miaka 3 wa kwenda mahakamani. Akanyamaza, akanitazama. Nikaelewa alichotaka kusema. Mahakama ina muda, lakini dhamiri haina.

Tulikaa na mke wangu, na karatasi na kalamu, tukazihesabu likizo zile mwaka kwa mwaka. Kisha nikapanda basi kwenda kwao Mzee. Nilimkuta anapalilia mahindi. Akaweka jembe chini, akaniletea kiti, akamwagiza mjukuu alete maji ya kunawa. Nikamwambia, "Mzee, nimekuja." Nilipolisema neno lile, nilikumbuka ni nani aliyelisema kwanza, nikashindwa kuendelea.

Yeye ndiye aliyenisaidia. Alisema, "Mwalimu, mimi sikukasirika kwa sababu ya pesa. Niliona makochi, nikajua hazipo au zipo, hiyo ni shauri yako. Ungeniambia, 'Mzee, mwaka huu sina,' tungeomba pamoja, mimi nikarudi langoni na furaha yangu. Lakini uliniambia hatudaiani. Nikajua kwamba mimi ni mtu wa lango tu."

Nikamwomba msamaha. Nikamweleza habari za likizo, nikampa sehemu ya kwanza ya fedha. Zilizobaki nilimaliza kulipa kwa awamu mbili. Binti yake alikuwa anasoma katika shule ya kutwa karibu na nyumbani, akitembea kwa miguu kwenda na kurudi. Ile nafasi ya bweni ilikuwa imekwisha kupita, nami sikuweza kuirudisha. Makosa mengine, wapenzi, husamehewa lakini hayarudi kuwa kama hayakutendeka. Nalisema hili ili mwenye nafasi leo asingoje.

Sasa, kabla sijamaliza, nina maneno machache ya kuweka mfukoni.

Kwanza, ninyi waajiri. Semeni mapema. Andikeni yanayoandikika: mshahara, saa, siku ya kupumzika, likizo, notisi, michango ya NSSF na ya bima ya afya. Si aibu kumwandikia yaya mkataba, ni heshima. Kisha yale yasiyoandikika, yatamkeni. Mwite mfanyakazi wako mara moja kwa mwaka, mketi, umwulize, "Unatazamia nini kwangu?" Nawe umwambie unachotazamia. Na kama huwezi, sema huwezi. Tumaini lililokatwa kwa ukweli huuma siku moja. Lililolishwa kwa ukimya huuma maisha. Tena chungeni maneno ya msiba na ya arusi. Usimwambie mtu ni mwanao ikiwa wamtaka awe mtumwa wako. Mtume Paulo, katika waraka kwa Wakolosai, anawakumbusha mabwana wawape watumishi yaliyo haki, kwa kuwa na wao wanaye Bwana mbinguni.

Pili, ninyi wafanyakazi. Nanyi semeni. Mzee wangu alikuwa mtu wa haki, lakini alikaa na uchungu mwaka mzima pasipo kunena, nami nikapotea zaidi. Ukiona umeahidiwa, mkumbushe mwenye ahadi kwa upole. Ukiona umedhulumiwa, iko ofisi ya kazi, kuna vyama vya wafanyakazi, na Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki kazini. Lakini usijilipie kwa sukari ya jikoni, wala kwa vipuri vya gari la kampuni, wala kwa usingizi wa zamu ya usiku. Na ukiondoka, aga. Yakobo mwenyewe alipaswa kuaga.

Tatu, sisi wa kanisa. Hapa nitasema polepole. Sisi pia ni waajiri. Tunaye mtunza kanisa, tunaye karani, tunao walimu wa shule ya chekechea, tunao wainjilisti wanaotembea vilima na mabonde. Ni mara ngapi mishahara yao imechelewa, nasi tukawaambia kwamba kazi ni ya Mungu na thawabu iko mbinguni? Thawabu ya mbinguni iko, lakini si sisi wa kuitumia kama hundi ya kulipia madeni yetu ya hapa chini. Mtu aliyezeeka akipiga kengele yetu, akaondoka bila chochote ila makofi na leso ya zawadi, huyo atazungumza na Mungu juu yetu. Halmashauri ya wazee wa kanisa inapokutana, naomba jambo hili liwekwe katika ajenda kabla ya rangi ya madirisha.

Wapenzi wasikilizaji, sisi sote tunaye mwajiri mmoja. Yeye hakunyamaza juu ya mapatano yake. Aliyanena waziwazi, akayaandika, na mwisho akayatia sahihi kwa damu ya Mwanawe. Hajabadilisha ujira wetu mara kumi, wala mara moja. Nasi tulipoyavunja, hakusimama mlangoni akatuambia kwamba hatudaiani. Alikuja mwenyewe mpaka shambani petu. Basi anayependwa hivyo na ampende mwenzake vivyo hivyo, leo hii, kabla jua halijatua.

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, wewe uliye Bwana wa mabwana na wa watumishi, tunakuletea siku hii ya kazi. Wakumbuke wale wanaofungua malango ya wengine na kuwalea watoto wa wengine. Waponye waliovunjwa moyo na maneno yetu matamu tuliyoyasahau. Tupe ujasiri wa kusema ukweli mapema, na unyenyekevu wa kulipa tulichokawia kulipa. Nasi uliotusamehe deni kubwa, utufundishe kutolipuuza deni dogo. Twaomba hayo katika jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.

Mungu awabariki, na kazi ya mikono yenu leo iwe njema. Kwaherini.